Mnyapara Aliyebaki na Kinu

Shikamoo yangu ya kwanza kwa mnyapara ilijibiwa kabla sijaimaliza. Nilikuwa nimekwenda kiwanda cha chokaa kuomba kazi ya kushona magunia, nimejitanda kanga nzuri, maneno yangu nimeyapanga tangu nyumbani. Nilipofungua mdomo tu akasema, "Marahaba. Sindano unayo?" Na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye mkanda wa injini. Nikamwambia ninayo. "Basi kaa pale," akasema, akaniachia vumbi lake. Nilikaa pale miaka yote niliyofanya kazi chini yake, na sidhani kama niliwahi kumaliza kumwamkia.

Kwetu Tanga mtu haamkiwi hivyo. Ukikutana na mtu unamwuliza hali, watoto, mama mzazi, na lile goti lililokuwa likimsumbua, naye anakurudishia yote hayo, ndipo kila mmoja ashike njia yake. Mnyapara aliziona salamu zetu kama dizeli inayovuja. Wengi walisema ana kiburi. Mimi niliyemwona kila siku nasema hakuwa nacho. Alikuwa na masikio tu, na masikio yake yalikuwa yamekwisha kodiwa na kinu cha kusagia chokaa.

Alikotoka hatukujua. Mmoja atakwambia ni Mbondei wa Muheza, mwingine ataapa kuwa ni Mdigo, na mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nimetoka nyumbani asubuhi." Nyumbani kwake palikuwa Chumbageni, upande wa mwisho wa mtaa unaoelekea kiwandani. Upepo ukivuma kutoka huko, kinu kilisikika hadi barazani pake, na watu walisema kwa mzaha kwamba ndiyo sababu akapanga pale.

Kinu chenyewe kilikuwa pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu, likizungushwa na injini kwa mkanda mrefu. Mawe ya chokaa yalichomwa tanurini, yakazimwa kwa maji yakafumuka, kisha yakatiwa humo pipani. Ndani mlikuwa na mipira ya chuma iliyokuwa ikiruka na kuangukiana, na hiyo ndiyo iliyosaga. Wafanyakazi waliipa majina ya matunda. Mipya mikubwa iliitwa madanzi. Iliyolika kidogo iliitwa ndimu. Iliyokwisha kabisa iliitwa kunazi, na kabla ya mnyapara kunazi zote zilitupwa.

Yeye alizikusanya. Alizitia pipani pamoja na madanzi, akasema kubwa zivunje na ndogo zilainishe, kila moja ina kazi yake. Alikataa pia chokaa yote isagwe laini sawasawa. Ya kupaka ukuta ilikuwa lazima iwe laini, lakini ya kujengea, alisema, kuisaga kama poda ni kuichoma dizeli ili upate sifa. Kuni za tanuru akazijengea banda zisinyeshewe, kwa kuwa kuni mbichi zinakula siku nzima zikitoa moshi tu. Magunia yaliyotoboka, yaliyokuwa yakigeuzwa matambara, ndiyo yaliyonipa mimi kazi. Nikimaliza kushona, aliyashika moja moja akayapiga kofi. Vumbi likitoka kwenye mshono ananirudishia bila neno, nami namtukana kimoyomoyo.

Neno lake lilikuwa hasara. Ndoo iliyoachwa juani ni hasara. Mtu aliyesimama kufunga msuli mara mbili ni hasara. Siku moja alialikwa harusi, akakaa mbele ya sinia la pilau akitazama mafiga uani, akamwambia jirani yake kwamba sufuria tatu zile zingepikwa kwa kuni za sufuria mbili kama mafiga yangesogezwa. Bwana harusi alikuwa amekaa pale pale anasikia. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi nilipohadithiwa, na mkewe ndiye aliyenihadithia.

Mkewe alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mnene, mcheshi, mpenda watu, mkono wazi, chai yake ina sukari mpaka kijiko kinasimama. Hawakujaliwa mtoto. "Mume wangu akilala husaga," alituambia akituigizia mngurumo, na mumewe yupo pale anasikia, anatazama chini, na ukimtazama vizuri utaona anacheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia nyumba za watu. Mtoto akizaliwa, yupo. Mtu akifa, yupo, kalala matanga mpaka mwisho. Akiulizwa, "Na mzee je?" anajibu, "Mzee wenu yuko kazini, anawasalimu." Mnyapara hakuwa amemsalimu mtu. Lakini mke alizichukua hizo salamu za uongo akazigawa mtaa mzima, na kwa hizo mumewe akahesabika kuwa mtu wa watu.

Usije ukadhani alikuwa bahili wa roho. Vumbi la chokaa hukaa kifuani, na mnyapara alimwambia tajiri kwamba kila mfanyakazi apewe maziwa asubuhi. Tajiri, Mhindi Mwislamu mwenye duka mjini, mtu mpole anayeogopa gharama, alishika kichwa.

"Maziwa tena, mnyapara? Wewe ndiye unayenikataza kutupa kunazi!"

"Anayekohoa anasimama," mnyapara akamjibu. "Anayesimama unamlipa. Maziwa ni rahisi."

Basi tukanywa maziwa. Baadaye mchomaji wa tanuru, mzee wa watu, kifua kikamlaza akawa haji tena kazini, wala hakukuwa na tamaa kwamba atakuja. Maziwa yake yakaendelea kupelekwa kwake. Kaka yangu, aliyekuwa mpakiaji wa magunia pale pale kiwandani na mwenye mdomo kama mimi, akamwuliza mnyapara huyo naye anasimama wapi hata apewe. Mnyapara akasema chupa ilikwisha kuzoea njia, kuigeuza ni hasara. Kaka alicheka jioni nzima. Mimi nilipenda jibu lile, na tangu siku hiyo magunia yake nikayashona vizuri.

Sasa nije kwenye jambo lililomharibia.

Kinu kile kilikuwa na tabia mbili mbaya. Kikizunguka kitupu, madanzi na ndimu zilipigana zenyewe kwa zenyewe na kula mabamba ya ndani, dizeli ikiteketea bure. Na kikisimamishwa na mzigo ndani, chokaa yenye unyevu iliganda ikaikumbatia ile mipira, na ukiwasha tena mkanda unakatika. Kwa hiyo mzigo ukishaingia lazima uishe, na ukiisha lazima injini izimwe. Asubuhi nzima ilikuwa ya mzigo mmoja. Sala ya Ijumaa haikumsumbua, aliupanga mzigo uishe mapema, akaenda msikitini akaketi safu ya nyuma karibu na mlango. Lakini kifo hakipangwi.

Huku kwetu mtu akifa, wanaume huacha walichoshika wakaenda kuzika. Hakuna anayeomba ruhusa na hakuna anayeitoa. Kabla ya mnyapara, habari ya msiba ikifika kiwandani watu waliondoka wote, mzigo ukabaki pipani, na kesho yake mkanda ukakatika. Mkanda mpya uliagizwa mbali, na kazi ikalala mpaka ufike. Mwaka mmoja misiba ilifuatana, na tajiri akatuita akatuambia wazi kwamba kinu kinakula kuliko kinavyotema, mkanda mwingine ukikatika anafunga, kila mtu atafute riziki yake. Wengine wangerudi mashamba ya mkonge. Mimi, mwanamke niliyeachwa, sijui ningerudi wapi.

Mnyapara ndiye aliyepata dawa. Msiba wa kwanza ulipokuja baada ya maneno hayo, wanaume wakasimama wakitazamana, wengine kofia mkononi. Akawaambia, "Nendeni nyote. Mzigo nitaumaliza mimi."

Wakaenda. Nikamwona akijaza, akikimbilia injini, akirudi kwenye chujio, peke yake, mweupe kuanzia kope mpaka nyayo. Waliporudi kutoka makaburini kinu kilikuwa kimezimwa na pipa liko tupu. Walimshukuru sana siku ile. Mmoja alitaka kumbusu mkono, akaambiwa anapoteza wakati.

Na ikawa hivyo siku zote. Mikanda haikukatika tena. Tajiri akaacha habari ya kufunga, hata akatuongezea banda. Hesabu ya mnyapara ilikuwa rahisi, na ukiitazama kwa macho ya kiwanda ilikuwa nzuri: badala ya wanaume wote kukosa kazi, mwanamume mmoja akose mazishi. Ila huyo mmoja alikuwa ni yeye kila mara. Akakosa mazishi ya mchomaji wa tanuru, yule aliyempelekea maziwa. Akakosa mazishi ya baba wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na mtoto wa marehemu akaacha kumjibu salamu, japo zilikuwa fupi.

Mtaani hawakujua habari za mzigo na mkanda. Walichojua ni kwamba jeneza linapita na mnyapara hayupo. Barazani wakaanza kusema, "Yule bwana haziki watu." Na wanaume wa kiwandani walikuwa wamekaa kwenye baraza hizo hizo, wakinywa kahawa, nao wakanyamaza. Nilimkabili kaka yangu juu ya hilo.

"Mnamsikia anasemwa, mnakaa kimya kama mmemeza ulimi?"

"Tuseme nini, dada? Si kweli hakuja?"

"Hakuja ili nyinyi mwende!"

"Basi mwambie yeye akawaeleze," kaka akasema. "Mimi sikumtuma."

Nilikasirika, na nikilikumbuka nakasirika bado. Walikuwa wamekwisha kuizoea hisani ile, na kitu ukishakizoea unakiona chako.

Kisha mkewe akaugua. Homa, halafu tumbo, halafu mwili mzima ukamwisha, yule mnene wa watu akawa wa kubebwa kama mtoto. Nilikuwa nikimwogesha. Mnyapara alikuja kazini kila asubuhi kama kawaida, ila alianza kushika vitu na kuviacha bila kuvitengeneza. Asubuhi ya mwisho tulikuwa tumekaa na mgonjwa, mwanamke mwingine na mimi. Alikata roho jua likipanda, taratibu, ameshika mkono wangu. Tukamtuma kijana wa jirani akamwite mumewe.

Yaliyotokea kiwandani nilisimuliwa na kaka. Mnyapara alisikia habari, akasema "Innalillahi," akaweka chini koleo lililokuwa mkononi mwake. Mzigo ulikuwa ndio kwanza umeingia pipani. Wanaume wakaanza kuacha kazi, kama desturi. Naye, akiwa amekwisha kufika langoni, akageuka akawaambia, "Mzigo usiachwe. Waje wanne wa jeneza na wawili wa kaburi. Wengine malizeni."

Mungu anisamehe, nimelifikiria neno lile mara nyingi. Huku kwetu mfiwa hahesabu wabebaji. Mfiwa akianza kusema habari za kazi anashikwa bega, anaambiwa, "Wewe nenda kakae na maiti yako, haya mengine tuachie." Anatukanwa hata, kwa mapenzi. Kinu kigande, mkanda ukatike, tajiri afunge, siku ile wangemfuata wote. Yeye alikosea kuhesabu, kwa sababu hakujua kuuona msiba wake tofauti na gharama nyingine. Lakini wao walikuwa wanaume wa Tanga, walilelewa wakijua. Wakatazamana. Wakachaguana sita, kaka yangu mmojawapo, na waliobaki wakarudi kwenye kinu.

Nyumbani wanawake walijaa mpaka uani, kwa kuwa marehemu alikuwa amewalilia watu wao wote. Tukamwosha, tukamvika sanda. Nje, kwa wanaume, nilichungulia nikaona mikeka imetandikwa na nafasi kubwa katikati. Maalimu wa msikiti alikuwapo, na tajiri amekuja kutoka mjini na mwanawe, na wazee kadhaa, na wale sita. Upepo ulikuwa wa upande wa kiwandani. Tulipoanza kulia wakati anatolewa, chini ya kilio chetu kinu kilikuwa kikisikika.

Wewe umeona jeneza linavyokwenda kwetu. Halikai begani mwa mtu. Watu wanagombania thawabu, huyu anaingia, huyu anatoka, linapita juu ya mikono kama linakwenda lenyewe, na aliye mbali anakimbia walau aliguse. La mke wa mnyapara halikuwa na wa kupokea. Wale wanne walilibeba, mnyapara akampokea mmoja, tajiri, ambaye hakuwa mtu wa kubeba kitu, akampokea mwingine hatua chache. Makaburi yalikuwa mbali kidogo. Kaka alinieleza akitazama ukuta kwamba walichoka, wakaliweka chini njiani wapumzike. Jeneza la mwanamke yule, lililowekwa chini barabarani kama gunia. Watu wa madukani walisimama kwa heshima, na wachache walishuka wakafuata, lakini wengi walibaki kwenye baraza zao.

Wakati wanafukia, kinu kikabadilika sauti. Kaka akaijua, na kila mfanyakazi pale akaijua, maana hata mimi niliyekuwa ndani ya nyumba niliisikia. Mzigo ulikuwa umeisha na chuma kilikuwa kinapiga chuma. Wale walioachwa hawakuwa wakijua wakati wa kuzima, siku zote kulikuwa na mtu wa kujua kwa niaba yao. Mnyapara alikuwa ameshika udongo. Akainua kichwa. Kaka akamsogelea, akamnong'oneza, "Mzee, niende nikawaambie wazime?"

"Kiache," akasema, akainama akaendelea kufukia kwa mikono.

Kilizunguka kitupu mpaka walipomaliza dua. Ni hasara pekee niliyowahi kusikia ameiruhusu.

Alirudi kazini baada ya matanga, akaendelea kama zamani, na misiba ilipotokea aliendelea kubaki. Nilidhani atabadilika. Siku moja nilimwambia, nikiwa nakata uzi ili nisimtazame, "Mzee, leo nenda wewe, abaki mwingine." Akafikiri sana. Akasema hakuna aliyejifunza. Ilikuwa kweli, hakuna aliyejifunza kwa sababu hakumfundisha mtu. Jioni alikaa barazani pake peke yake, birika moja, kikombe kimoja, na waliopita walimpungia mkono kwa mbali. Zile salamu zilizokuwa zikigawiwa kwa jina lake zilikuwa zimezikwa na mwenye kuzigawa. Nilikuwa nikimpelekea mkate wa kumimina, ananiambia nimetia mafuta mengi, anakula wote.

Mwishoni tajiri alimwachia mwanawe kiwanda, na mwana akaleta mashine nyingine na watu wake. Mnyapara akaagwa kwa heshima akaondoka Tanga. Tulisikia amekwenda Pangani, basi, na jina lake likatoweka mdomoni mwa watu.

Nilimwona tena miaka ile ya hamsini ikikaribia kwisha. Shangazi yangu alifariki Mwera, nikapanda lori la abiria mpaka Pangani na kuendelea. Nilifika jeneza likiwa linatoka. Wanaume wa Mwera walikuwa wengi, wanasukumana, na katikati yao nikaona mzee mwembamba, kanzu imefuliwa mpaka imepauka, anapenya kwa kiwiko kutafuta nafasi ya bega. Akaipata. Akatolewa na kijana, akazunguka akaingia upande wa pili. Nilimjua kwa masikio yake makubwa kabla sijamjua kwa sura.

Nikawauliza wanawake wa pale, yule mzee alikuwa na udugu gani na shangazi yangu.

"Yule?" mmoja akasema. "Hana udugu na mtu. Mgeni yule, amepanga kijumba kule chini. Lakini msiba haumpiti, mwanangu. Mkubwa, mdogo, awe anamjua, asimjue, utamkuta. Hata vijiji vya mbali anakwenda kwa miguu, juzi tu alizika kijiji cha pili. Sisi tunamwona tu."

Waliporudi kutoka kaburini nilimfuata penye mtungi wa maji, alipokuwa akinawa udongo. Akanitambua. Tukapeana pole. Nilitaka kumwuliza jambo, nikawa naogopa.

"Mzee, marehemu ulimjua?"

"Simjui."

"Na huyo wa juzi niliyeambiwa, wa kijiji cha pili?"

"Naye simjui." Akakung'uta mikono. Ilikuwa imekonda, na kucha zake zilikuwa bado na weupe ambao nadhani hautoki tena. "Hapa sina mtu, binti. Nataka wanizoee sura tu. Siku yangu ikifika wasiulizane huyu ni nani."

Nikamwambia asiseme hivyo, nikamwambia aniletee habari kwa dereva wa lori, kwa yeyote, mimi nitakuja popote nilipo, naapa.

Akanitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Wewe ni mwanamke," akasema kwa upole. "Hutanibeba."